Nyumba ya Kuba Yote ni Paa: Kuelewa Sura ya Nje Kabla ya Kumwita Fundi Rangi

Tangu AFCON ya 2027 ipewe Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha ianze kujengewa uwanja wake, kila mwenye kiwanja cha ziada kuanzia Kisongo hadi Usa River anapiga hesabu ya vyumba vya wageni. Moshi nako hesabu ni hizo hizo. Siku hizi zinakuja na picha: nyumba nyeupe ya mviringo, kioo kikubwa mbele, mlima nyuma. Picha inarushwa WhatsApp kwa fundi na swali fupi chini yake, "Hii shilingi ngapi?" Fundi anajibu, "Inawezekana bosi, tuonane saiti."

Mkanganyiko unaanzia hapo. Mara nyingi picha ya kwanza ni hema, ya pili ni zege, ya tatu ni udongo wa jangwani, na mteja anadhani zote ni kitu kimoja kilichopigwa rangi tofauti. Masika ya kwanza yakipita, nyumba ina michirizi ya kahawia chini ya kila dirisha, na majirani wameshaibatiza: "kule kwenye tenki." Mwenye nyumba anamlaumu fundi rangi. Fundi rangi naye, mara nyingi, hana kosa.

Tuanze na majina. Kuba ni umbo la nusu tufe. Ukilitazama kutoka juu ni duara, ukilikata wima ni upinde, na kila sehemu yake imepinda pande mbili kwa wakati mmoja. Msonge si kuba. Msonge una umbo la pia, kama ile nyumba ya kale ya Wachaga iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni karibu hadi ardhini: mteremko wake ni mkali tangu juu, na maji hayapati nafasi ya kukaa. Kuba kileleni ni karibu bapa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua nyumba itachakaa vipi.

Makuba yanayozunguka mitandaoni ni ya aina tatu. La kwanza ni hema la kuba, fremu ya mabomba yaliyounganishwa kwa pembetatu na kuvikwa turubai. Hili ndilo lililojaa kwenye kambi za watalii. Asili ya mfumo huo inatajwa sana kuwa Mmarekani Buckminster Fuller, aliyepata hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1954, ingawa Mjerumani Walther Bauersfeld alikuwa ameshajenga kuba la namna hiyo kule Jena miaka ya 1920. La pili ni kuba la zege. Marekani hulijenga kwa kupuliza puto kubwa, kupulizia povu gumu upande wa ndani, kisha nondo na zege. Kwa mafundi wetu, njia iliyo karibu zaidi ni kukunja nondo, kuzivika wavu wa kuku na kupiga mchanganyiko wa saruji na mchanga tabaka kwa tabaka. La tatu ni kuba la mifuko ya udongo, lililoenezwa na msanifu Nader Khalili, mzaliwa wa Iran, aliyeweka kituo chake Hesperia, California. Mifuko mirefu inajazwa udongo wenye unyevu, inazungushwa safu juu ya safu, na kati ya safu na safu inalazwa seng'enge ili isiteleze.

Hesperia ni jangwani. Picha nyingi za makuba ya udongo yanayopendeza zimepigwa sehemu kavu za namna hiyo. Ukizileta Kibosho au Ngaramtoni, unaleta nyumba ya ukame kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, milima miwili inayovuta mvua.

Nyumba isiyo na upenu

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: kuba halina ukuta na paa, lina paa tu. Nyumba zetu za kawaida, hata ile ya vyumba viwili ya bati la msauzi, zina upenu unaotoka nje sentimita 50 au 60. Upenu huo hatuusifii kamwe, ila ndio unaofanya rangi ya ukuta idumu, madirisha yasivuje, na mtu asimame mlangoni kutafuta funguo bila kulowa. Kwenye kuba, tone likidondoka kileleni linateleza juu ya ngozi ya nyumba, linapita juu ya dirisha, linapita kwenye fremu ya mlango, linafika chini likiwa limebeba vumbi lote lililotua tangu kiangazi.

Chukua kuba la nusu tufe kamili lenye kipenyo cha mita 8. Sakafu yake ni karibu mita za mraba 50, na ngozi yake ya nje ni mita za mraba 100, mara mbili ya sakafu. Ikinyesha milimita 20, na masika hilo halishangazi mtu, juu ya nyumba hiyo zinaanguka takriban lita 1,000. Mzunguko wa chini ni mita 25 hivi. Kila mita moja ya mzunguko inapokea lita 40, zikishuka na uchafu, zikipiga udongo na kuurushia ukutani.

Ndiyo maana nasema urembo wa nje wa kuba haununuliwi dukani mwishoni. Kuba linalopendeza baada ya miaka mitano ni lile ambalo mtu alikaa akajiuliza maji yatapita wapi, kisha majibu yake akayapa umbo zuri. Mengine yote ni rangi.

Mfano bora ninaoujua hauko Marekani wala Ulaya. Wamusgum wa kaskazini mwa Kamerun wamejenga makuba marefu ya udongo kwa vizazi vingi, na nje wameyapamba kwa matuta yaliyopangwa kwa ustadi, safu kwa safu, kutoka chini hadi juu. Mgeni akiyaona anasema ni nakshi. Ni nakshi kweli, lakini matuta hayo pia yanaongoza maji ya mvua yasikusanye kasi na kuchimba udongo, na ndiyo ngazi ambayo fundi hupanda kwenda kukarabati juu. Urembo, mfereji na ngazi vimekaa mahali pamoja.

Fundi wa Arusha anaweza kuiga mantiki hiyo kwa saruji bila kuiga sura. Mbavu nyembamba za lipu zinazotoka kileleni kushuka kati ya dirisha na dirisha zinayahamisha maji yasipite juu ya kioo, na wakati huo huo zinalivunja lile tumbo tupu linaloleta jina la tenki. Jicho linapenda kushika kitu. Kuba laini kabisa, lisilo na mstari wala kivuli, hupendeza siku ya picha, ila ufa wa kwanza wa unywele unaonekana tokea barabarani.

Ngozi: kwa nini bati halikubali

Wengi huuliza, kama kuba ni paa, si tuliezeke bati tumalize? Jaribu kulifunga chungwa kwa karatasi ya gazeti. Karatasi inakunjamana, kwa sababu kitu bapa kinakubali kupinda upande mmoja tu, na chungwa limepinda pande mbili. Bati ni karatasi ya chuma. Linakaa vizuri juu ya nusu bomba, lakini kwenye kuba ni lazima likatwe vipande, na kila kipande kinaleta mshono. Vifaa vinavyokubali kuba ni vile vinavyopakwa, kama lipu na rangi, au vile vya vipande vidogo, kama vigae vya lami, vigae vya mbao, au vipande vya malumalu vilivyovunjwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba makuba yote yanavuja. Kuba la pembetatu, hata lile dogo na rahisi, lina pembetatu 40 na fito 65. Ukiondoa fito 10 zilizokaa chini kabisa, zinabaki 55, na ukilifunika kwa mbao au bati kila moja ya hizo ni mshono wa kuzibwa. Jua linazitanua mchana, baridi ya usiku inazikaza, na silikoni inachoka. Vijana wa Marekani waliojenga makuba ya mbao miaka ya 1960 na 1970 walijifunza hilo kwa ndoo. Lloyd Kahn, aliyesimamia ujenzi wa makuba kadhaa kwenye shule moja ya California na kuyatangaza sana, baadaye akageuka kuwa mkosoaji wao maarufu. Kwa hiyo kilio cha kuvuja ni cha kweli kwa aina moja. Hema lenye turubai lililoshonwa kama kipande kimoja halina tatizo hilo, na kuba la zege lililomwagwa bila kuachia viungo halina pia, ilimradi lisipasuke.

Nyufa za zege juani ni suala la subira zaidi ya utaalamu. Lipu la kuba linapigwa jua pande zote, hakuna kivuli cha upenu, na mwinuko wa Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, unafanya jua liume hata siku ya ubaridi. Lipu lazima linyweshwe maji na kufunikwa magunia au turubai kwa siku saba hivi, asubuhi na jioni, na pale kileleni ambapo hakuna anayetaka kupanda ndipo panapokauka haraka zaidi. Baada ya hapo, rangi ya kawaida ya ukutani haifai. Inatakiwa rangi ya kuzuia maji ile inayovutika, itakayoziba ufa mdogo badala ya kupasuka nao, na kileleni ipakwe mikono mingi kuliko chini. Kwa kuba la udongo, afadhali lipu la chokaa, ambalo linaruhusu unyevu wa ndani utoke. Ukilifungia udongo ndani ya saruji na rangi ya mafuta, siku maji yakipenya yatakosa pa kutokea.

Na rangi gani? Nyeupe inarudisha jua, hilo ni kweli, na nyumba inakaa na ubaridi. Lakini nyeupe kavu, kwa vumbi letu la kuanzia Julai hadi Oktoba, inataka mtu wa kuiosha. Mimi ningekwenda krimu au kijivu cha mawe kwa sehemu ya juu, na chini nirudie busara ya shule zetu za msingi: mkanda wa rangi nzito, mita moja hivi kutoka ardhini, pale matope yanaporukia. Watu huucheka mkanda ule, ila aliyeubuni alikuwa amefua mashati. Kwenye kuba mkanda huo una kazi nyingine ya macho, unaipa nyumba kiuno, inaonekana imekaa badala ya kuangushwa pale. Michoro ya twiga na wapiganaji iliyozungushwa nyumba nzima ningewaachia wenye maduka ya vinyago.

Madirisha na mlango

Dirisha kwenye kuba lina matatizo mawili, maji na nguvu.

La maji tumeshalionja. Dirisha likilazwa kufuata mgongo wa kuba, linageuka tundu la paa: mvua inatua juu yake, jua linaingia kutoka juu, na vumbi linalala kwenye kioo. Suluhisho ni kijumba cha dirisha, fremu ya zege inayotoka nje ya ngozi ili kioo kisimame wima, na juu yake kipenu cha sentimita 30 au 40. Upande wa chini wa kipenu hicho kuna kitu kidogo ambacho wengi wanakiruka. Fundi analaza kipande cha nondo ya milimita 10 kwenye lipu bichi, sambamba na ukingo, kisha anakitoa lipu likianza kukaza. Kinabaki kifereji chembamba. Maji yakitambaa chini ya kipenu yakitaka kurudi ukutani, yanafika kwenye kifereji, yanashindwa kuvuka, yanadondoka. Kipande kimoja cha nondo kinazuia ile michirizi ya kahawia kwa miaka. Vijumba hivyo vikilingana kwa kimo na kupangwa kwa mpigo unaoeleweka, ndivyo vinavyoipa nyumba uso.

La nguvu linahitaji maelezo kidogo. Kuba likibeba uzito wake, duara za juu zinajibana, lakini kuanzia karibu nyuzi 52 kutoka kileleni, pembe ikipimwa katikati ya sakafu, kushuka chini, duara zake zinavutwa kutaka kutanuka. Zege halipendi kuvutwa, ndiyo maana chini panawekwa mkanda wa nondo unaozunguka nyumba nzima. Sasa ile picha ya WhatsApp ina kioo kikubwa kuanzia sakafuni hadi karibu na kilele. Kwenye hema inawezekana, kwa sababu ni fremu ya chuma inayobeba, ngozi haibebi kitu. Kwenye zege, tundu la namna hiyo linakata mkanda. Ukilitaka, mkanda upite chini ya sakafu ya mlango bila kukatika, na pembeni mwa tundu usimame upinde mzito wenye nondo zake, uliokokotolewa na mhandisi. Upinde huo usiufiche. Ukiachwa uonekane nje unakuwa lango la nyumba. Bila hivyo zinakuja nyufa za wima kutoka chini kwenda juu, na hizo hakuna pati wala rangi ya kuziponya.

Kwa upande wa kutazamia, sisi tuna bahati. Meru iko kaskazini mwa jiji la Arusha, Kibo iko kaskazini mwa Moshi, kwa hiyo kioo kikubwa kila mtu anakitaka kaskazini. Tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Juni na Julai, ile miezi ya makoti, jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, na likifanikiwa kutoboa mawingu linaingia ndani wakati unalihitaji. Desemba liko kusini, kioo kiko kivulini. Magharibi ndiko kwa kuogopwa, jua la saa kumi linaingia limelala na chumba cha duara kinapika. Weka huko bafu, stoo, vidirisha vidogo.

Mlango uwe na baraza. Najua picha hazina baraza. Lakini mgeni anayefika na mvua na begi hawezi kusimama chini ya mgongo wa kuba, maji yote yanamshukia. Kibaraza cha nusu bomba kinachotoka mita mbili kinamaliza shida, na hapa bati linakubali kabisa.

Chini, na vile vitu vinavyosahaulika

Kuba lililoanzia ardhini moja kwa moja linaonekana limezama, na ndani kitanda hakisogei ukutani kwa sababu ukuta umeinama. Ukilisimamisha juu ya ukuta mfupi wa wima, sentimita 60 hadi mita 1, yote mawili yanaisha. Ukuta huo ujengwe au uvikwe mawe meusi ya volkano, ambayo huku hayaogopi matope. Mguuni pawe na mtaro wa kokoto wenye upana wa sentimita 60, na bomba lenye matundu chini yake linalopeleka maji mbali au tenkini. Zile lita 1,000 za mvua moja ni maji ya kumwagilia bustani, ukipenda.

Kwenye ukingo wa mtaro panda masale. Yamezoea kukaa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, hayasumbui, majani yake ya wima yanashika vizuri mbele ya umbo la duara. Mimea inayotambaa juu ya ngozi ya kuba usiiruhusu, hata iwe na maua gani. Inashika unyevu na mizizi yake inatafuta ufa.

Halafu vile vitu ambavyo hakuna picha inayovionyesha: dishi la king'amuzi, tenki, paneli za sola, bomba la hewa la choo, mashine ya kupasha maji. Nyumba ya kawaida ina nyuma, na huko ndiko tunakofichia. Kuba halina nyuma, linaonekana pande zote. Ukiacha kila fundi atoboe anapoona panamfaa, utakuwa na matundu sita ya kuziba na nyumba yenye chunusi. Jenga kibanda kidogo cha huduma pembeni, mita chache kutoka kwenye kuba, chenye paa la kawaida, vikae huko vyote. Paneli hapo hata zinakaa vizuri zaidi, kwa kuwa jua letu liko karibu utosini na zinataka mteremko mdogo tu.

Kuhusu bei, kauli kwamba kuba ni rahisi ni nusu kweli. Nyumba ya mraba yenye sakafu ile ile ya mita za mraba 50 na kuta za mita 2.7 ina karibu mita za mraba 76 za ukuta, na paa lenye upenu la karibu 70 kabla hujahesabu mteremko. Jumla 146, dhidi ya 100 za kuba. Vifaa vya ganda vinapungua kweli. Kinachorudi mlango wa nyuma ni kazi ya mikono: mirunda ya kusimamia mafundi inayofuata mviringo, fremu za kutengenezwa moja moja, malumalu za kukata, na kila miaka michache mtu wa kupanda kileleni na ndoo ya rangi. Uliza bei ya hiyo kazi ya mwisho kabla hujasaini. Na michoro ipite kwa msanifu aliyesajiliwa, kisha halmashauri itoe kibali, kwa sababu ofisa anayeona umbo la duara kwa mara ya kwanza atauliza maswali mengi kuliko kawaida.

Familia ikikua au wageni wakiongezeka, kishawishi ni kutoboa kuba na kubandika chumba cha mraba ubavuni. Usikikubali, tundu hilo nalo linakata ule mkanda wa nondo. Ukihitaji nafasi, jenga kuba la pili dogo kuliko la kwanza, liache mita tatu au nne pembeni, uyaunganishe kwa ujia wa nusu bomba. Pale yanapokutana patawekwa mfereji wa zege wenye mwinamo, na huo uchorwe tangu mwanzo, kwa sababu maji ya makuba mawili yataelekea hapo.